Nyayo Zimeishia Kwako

Namba iliandikwa kwa mkaa. Mama muuza mahindi ya kuchoma, kando ya barabara ya Kahama kwenda Ushirombo, si mbali na Masumbwe, hakuwa na kalamu, na simu yake ilikuwa imezima chaji tangu mchana. Alikuwa na jiko. Fuso iliyosheheni mifuko ya marudio, yale mabaki ya mchanga wa dhahabu, ilimrusha kijana wa bodaboda mtaroni, ikapunguza mwendo kama inayotaka kusimama, kisha dereva akakanyaga mafuta. Mama akaokota kipande cha mkaa kilichokuwa hakijashika moto na kuandika kwenye ubao wa kibanda chake: T, tarakimu tatu, herufi tatu. Aliinua macho kuhakikisha herufi ya mwisho, lakini lori lilikuwa limeshazama mteremkoni. Kijana alifariki njiani akipelekwa hospitali.

Siku ya tatu mwenye gari alikuja msibani. Alikuja kwa miguu yake mwenyewe, na kwa hilo nampa haki yake. Alileta gunia la mchele, sukari, dumu la mafuta ya kula na bahasha ya kaki. Akasalimia wazee kwa heshima zote, akapewa kiti cha plastiki pembeni ya turubai. Baba mdogo wa marehemu, mzee wa Kisukuma asiye na haraka, akamwambia, "Ng'wanawane, tumeshukuru kwa ulichokuja nacho. Sasa tuambie, nani alikuwa anaendesha?"

"Mzee wangu, hata mimi namtafuta," akajibu. "Alikuwa deiwaka tu. Gari ni langu, lakini kosa ni la dereva."

Nilikuwa nimekaa benchi la pili. Jibu lenyewe halikunishangaza. Nimelisikia Kahama, nimelisikia Katoro, nimelisikia stendi ya Geita mjini likitolewa kwa lafudhi zote. Kilichoniuma ni vichwa vya waombolezaji. Vilikuwa vinaitikia. Watu waliofiwa, wenye namba ya gari mkononi na mwenye gari mbele yao, walikubali kwamba bwana huyu amemaliza wajibu wake kwa mchele na bahasha, na kwamba kumbana zaidi ni kumwonea.

Hayo ndiyo mawazo ninayotaka kugombana nayo, maana kanda hii yameshageuka kuwa kama sheria. Yanasema hivi: kila mtu na msalaba wake, dereva ndiye aliyegonga, mwenye gari hakuwepo. Kumtafuta dereva ni kazi ya polisi, na kwa kazi hiyo wanalipwa mshahara. Bosi anayemtaja dereva wake ni mchomaji, kesho hapati mtu wa kumshikia usukani. Na mwenye elimu kidogo ataongeza kwamba hakuna sheria duniani inayoweza kumlazimisha mtu kufungua mdomo.

Tuanze na hilo la sheria, maana ndilo jepesi. Sheria yetu ya Usalama Barabarani, Sura ya 168, ni ya mwaka 1973. Dereva aliyepata ajali anatakiwa asimame na atoe taarifa. Asipofanya hivyo, polisi wanayo nguvu ya kumwendea mwenye gari na kumtaka aeleze nani aliyekuwa akiendesha. Anayekaa kimya anatenda kosa la kwake mwenyewe, mbali kabisa na kosa la dereva. Hapo ndipo wengi wanapochanganya mambo. Sheria haimwambii mwenye gari "umeua." Inamuuliza, "ulimpa nani funguo?" Hayo ni maswali mawili tofauti, na yule bwana wa msibani alijibu la kwanza ili akwepe la pili. Hakuna aliyemshtaki kwa kugonga. Mzee aliuliza jina.

Na jambo hili wala hatukufundishwa na Wazungu. Mtu wa Shinyanga anayeniambia kuwa ni ugeni atakuwa amesahau historia ya nyumbani kwake. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, wizi wa ng'ombe ulipozidi, vijiji vya huku Kahama na jirani zake vilijiundia Sungusungu. Kabla serikali haijajua iwapige marufuku au iwabariki, wazee walikuwa wameshaweka utaratibu. Zizi likivunjwa usiku, mwano unapigwa, kijiji kinaitikia, na alfajiri watu wanafuata nyayo. Nyayo zikiingia kijiji cha pili, wenye kijiji hicho hawaambiwi kuwa wao ni wezi. Wanaambiwa: nyayo zimeingia kwenu, tuonyesheni zilikotokea. Wakizionyesha, mzigo umewatoka, na wao wanaungana na msafara kuzisukuma mbele. Wakishindwa, nyayo zimeishia kwao.

Angalia busara iliyomo humo. Mwenye mji hahukumiwi kwa kosa la mwizi, lakini haruhusiwi kukunja mikono na kusema ng'ombe si wake, mwizi si yeye, wenye ng'ombe wakatafute mbele ya safari. Ardhi zilipopita nyayo ni yake. Anazijua njia zake, anawajua wageni waliolala kwake. Kukaa kimya kwake ni kumkinga mwizi, hata kama hakugawiwa mkia wa ng'ombe. Sungusungu walikuwa na ukatili wao, sikatai, na wapo walioumizwa bila hatia kwa jina la ulinzi wa jadi. Ila kwa hili la nyayo waliona mbali kuliko tunavyoona sisi wenye magari. Namba ya gari ni unyayo. Ulikoingia panajulikana: jina liko kwenye kadi.

Sasa tuje kwa huyu "deiwaka", dereva wa siku moja asiye na jina, asiye na kwao, anayeshuka kama kunguru na kuondoka kama kunguru. Ukiwasikiliza wenye magari wetu utadhani malori ya ukanda wa dhahabu yanaendeshwa na majini. Lakini kaa nao saa moja jioni, wakati wa hesabu. Hapo hakuna bosi asiyemjua dereva wake. Hesabu ikichelewa saa mbili tu, atapigiwa simu dereva, atapigiwa utingo, atapigiwa mpangaji mwenzake, atatafutwa mpaka kwa mama mkwe wake Nyarugusu. Bosi anajua anakokunywa, anajua nyumba ndogo yake iko mtaa gani. Kwa elfu arobaini ya hesabu, bosi ni mpelelezi kuliko wapelelezi wote wa wilaya. Kwa roho ya mtu, anakuwa bubu na kipofu kwa mpigo. Wahenga walisema mzigo mzito mpe Mnyamwezi; wenye magari wa leo wameugeuza msemo: mzigo mzito mpe deiwaka, kisha sahau jina lake.

Halafu kuna fomu ya bima. Gari likiumia, mwenye gari akitaka kudai, anapewa fomu, na fomu ina nafasi ya jina la dereva na namba ya leseni yake. Mbele ya nafasi hiyo kumbukumbu hurudi ghafla. Mtu ambaye jana aliapa mbele ya askari kwamba hamjui, leo anaandika majina yote matatu kwa herufi kubwa. Na ikiwa aliyekuwa akiendesha hakuwa na leseni ya daraja linalotakiwa, basi jina linaloandikwa ni la mtu mwingine, mwenye leseni safi, ambaye siku ya ajali alikuwa amelala kwake. Nimeshawahi kuambiwa hili kwa kicheko, mtu akinihadithia kama ujanja. Sikucheka. Kampuni ya bima ikigundua udanganyifu huo, itapata sababu ya kukwepa, na atakayezungushwa miezi kwa miezi na fomu yake ya polisi, PF3, mkononi ni yule aliyevunjika mguu.

Ukanda huu una ugumu wake, na mtu wa Dar es Salaam anaweza asiuone. Mkoa wa Geita ulizaliwa 2012, umekatwa kutoka Mwanza, Shinyanga na Kagera, na tangu uzaliwe haujalala. Mbale zinatoka kwenye maduara kwenda kwenye makarasha, marudio yanatoka kwenye mialo kwenda kwenye mitambo ya kuchenjulia, mchanga na mawe vinakwenda kwenye majengo. Juu ya hapo kuna michomoko inayobeba abiria tisa kwenye viti vya watano, matoyo yenye mizigo inayoning'inia, na semitrela zinazotoka Isaka kuelekea Rusumo. Kazi zinapitia mikono mingi. Mgodi unampa mkandarasi, mkandarasi anampa mkandarasi mdogo, huyo anakodi lori la mfanyabiashara wa Kahama, mfanyabiashara ana dereva, na dereva akichoka anampa mwenzake usukani "mpaka pale mbele". Ajali ikitokea, kila mmoja anamnyooshea kidole aliye chini yake, na wa mwisho kabisa hayupo.

Wanaotetea ukimya wanautumia mnyororo huu kama ushahidi kuwa haiwezekani kujua. Mimi nauona kinyume. Nenda kwenye geti la mgodi wowote mkubwa wa huku. Huingii bila kitambulisho na bila jina lako kuandikwa; pengine utapulizishwa kipimo cha ulevi kabla hujavuka kizuizi. Mabasi nayo, LATRA, wasimamizi wa usafiri wa ardhini, wameyafungia mfumo wa kufuatilia mwendo, na dereva anatakiwa kujitambulisha kwa kitufe chake ili ijulikane nani yuko kwenye usukani saa ngapi. Kujua nani anaendesha, basi, kunawezekana, na hufanyika kila mahali ambapo mtu mwenye nguvu ameamua kwamba anataka kujua.

Waingereza wamelipatia jibu hili la "sijui" kwa namna ninayoipenda. Kifungu cha 172 cha sheria yao ya barabara ya mwaka 1988 kinamtaka mwenye gari amtaje dereva. Akisema hajui, anasikilizwa, ila lazima aonyeshe kwamba hata kwa juhudi za kawaida asingeweza kujua. Na kampuni imebanwa zaidi: ikisema haikuweka kumbukumbu za nani aliendesha, inatakiwa kueleza kwa nini kutoweka kumbukumbu huko kulikuwa jambo la busara. Jaribu kumfikiria tajiri wa malori sita pale Kahama akieleza mahakamani kwa nini ilikuwa busara kutokuwa na daftari la shilingi elfu moja.

Na ile haki ya kukaa kimya? Hapa napunguza sauti, kwa sababu hoja hii ina uzito. Katiba yetu, ibara ya 13(6)(b), inakataza mtu aliyeshtakiwa kutendewa kama mwenye hatia kabla hatia haijathibitishwa. Chukua basi mwenye gari ambaye ndiye huyo huyo aliyekuwa akiendesha. Ukimlazimisha amtaje dereva, umemlazimisha ajitaje. Si jambo dogo. Hoja hii ilifikishwa mbele ya majaji Ulaya. Mwaka 2000, katika kesi ya Brown dhidi ya Stott, mwanamke wa Uskoti aliyeshukiwa kuendesha akiwa amelewa alilazimika kusema ni yeye aliyelileta gari hadi dukani, na baraza la rufaa la Uingereza, Privy Council, likasema kujibu swali hilo moja hakukumwondolea haki ya kusikilizwa vizuri. Mwaka 2007 Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu, kwa kura 15 dhidi ya 2, iliamua vivyo hivyo katika kesi ya O'Halloran na Francis, Waingereza wawili walionaswa na kamera za mwendo. Sababu yao inaeleweka hata kijiweni: anayemiliki na kuendesha gari ameingia kwa hiari yake katika shughuli inayoweza kuua, na amekubali masharti ya shughuli hiyo. Halafu swali lenyewe ni jembamba. Halimtaki akiri mwendo wala ulevi. Linataka jina.

Majaji wawili walikataa, na sitajifanya kuwa walikuwa wajinga. Mimi mwenyewe ningetaka mahakama zetu ziwe na wivu hapa: jina litolewe, lakini polisi wasiligeuze swali hilo kuwa mlango wa kumkamua mtu maungamo mengine ndani ya chumba kisicho na dirisha. Ila nikumbushe kwamba yule bwana wa msibani hakuwa anaendesha. Haki anayoililia si yake. Hakuna katiba iliyompa mtu haki ya kukaa kimya kwa niaba ya mwenzake.

Wapo wanaosema dereva hukimbia kwa sababu ya wananchi wenye hasira kali, na bosi humficha ili asichomwe moto. Ni kweli tupu. Nimeona lori lililobaki mifupa ya chuma kandokando ya barabara, matairi yameungua mpaka waya. Dereva anayekimbia mawe na kunyoosha moja kwa moja hadi kituo cha polisi simlaumu hata kidogo. Na mimi ningekimbia. Lakini hasira hiyo inatoka wapi? Watu wanachoma gari kwa sababu wanajua likishaondoka limeondoka, na dereva akishatokomea hatatajwa na yeyote. Kila bosi anayesema "hata mimi namtafuta" anaongeza lita moja ya petroli kwenye dumu la ajali inayofuata.

Kuhusu rushwa, wanaoniambia "ukimtaja dereva umempa askari mtaji", siwezi kuwajibu kwa hasira, maana hawajasema uongo. Naweza kusema tu kwamba ukimya nao unauzwa, tena kwa bei ya juu, na unauzwa na watu hao hao. Jina likitolewa kwa maandishi, nakala ikabaki kwa mwenye gari na nyingine kwa wafiwa, hapo kidogo limetoka sokoni. Ajali kubwa zina macho yake. Ile ya Mwakata, Kahama, ya Agosti 2022, iliyochukua roho za watu wapatao 20, ilitikisa nchi nzima na salamu za rambirambi zikatoka Ikulu. Kijana mmoja wa bodaboda kwenye mtaro wa Masumbwe hana kamera. Faili lake litatembea kadiri jina linavyotembea.

Limebaki la kadi, na hapa ndipo ninapowaonea huruma wenye magari kwa dhati. Huku kwetu gari linauzwa mara tatu na kadi inabaki na jina la wa kwanza. Mnaandikishiana kwa wakili, au kwa mjumbe, au kwa mdomo tu. Mnunuzi anasema atabadilisha umiliki TRA akipata nafasi, na nafasi haipatikani, kwa sababu kubadilisha ni gharama na kutobadilisha ni bure. Siku polisi wanapofuata namba, wanaishia kwa mwalimu mstaafu wa Tinde aliyeuza gari miaka sita iliyopita na hajui hata lina rangi gani siku hizi. Huyo akisema "sijui" anasema kweli. Lakini hata yeye ana nyayo za kuonyesha: alimuuzia nani, lini, mbele ya nani. Aonyeshe zilikotokea, mzigo umtoke. Asiye na karatasi hata moja ndiye atakayesota, na atasota kwa sababu ya shilingi alizodhani amezibana.

Ajabu ni kwamba kwenye faini tumeshakubali mantiki hii bila kelele. Dereva wako akipigwa tochi Isaka, deni la elfu thelathini linakaa kwenye namba ya gari, na mtu yeyote akiingiza namba hiyo kwenye simu analiona. Bodaboda na bajaji, tangu bajeti ya mwaka 2021, ni elfu kumi. Hakuna mwenye gari niliyewahi kumsikia akisema faini ni ya dereva, serikali imtafute dereva. Anailipa, halafu anamkata dereva kwenye hesabu jioni ile ile, kwa jina.

Nina pikipiki mbili, zote kwa mkataba, vijana wanaleta hesabu kila Jumamosi. Baada ya msiba ule nilinunua daftari. Jina, namba ya leseni, namba ya NIDA, mdhamini, na mstari kwa kila siku atakayompa mwenzake. Kijana mmoja alikunja uso, akaniuliza, "Kaka, unataka kunichoma?" Nikamwambia nataka siku akipata matatizo niweze kusema jina lake mimi mwenyewe, kabla mtu mwingine hajalisema vibaya, na kwamba siku atakayokuwa hayupo kwenye pikipiki, daftari hilo hilo ndilo litakalosema hakuwepo. Hakunielewa vizuri. Alisaini.

Mwezi uliopita nilipita tena barabara ile. Mama bado anachoma mahindi. Ubao wa kibanda umepigwa mvua za msimu mzima, lakini alikuwa ameupitishia mkaa upya, herufi kwa herufi, na namba inasomeka ukiwa ng'ambo ya barabara. Vijana wa kijiwe cha bodaboda wameongeza neno moja chini yake kwa chaki: Dereva. Mbele ya neno hilo pako wazi.